Trekta la Kufaa Mlima

Nyasi za mlima ule hazikuwa na adabu hata kidogo. Watu walikuwa bado wamekaa kwenye viti vya kukodi, wanaongea kwa sauti ya chini kama inavyopasa penye msiba, na zenyewe ziko pale nyuma ya nyumba zinaota. Siku za msiba zikaisha, viti vikarudishwa kwa wenyewe, mashangazi wakabeba mabegi yao wakaondoka, nyasi zikawa zimefika magotini. Mvua nayo, kwa uchokozi wake, ikanyesha.

Mwenye mlima alikuwa mama mmoja ambaye kila mtu alimwita Mama Vyumba, kwa sababu ya nyumba yake ya wageni. Vyumba sita, veranda moja ndefu, na ukisimama verandani unauona mteremko wote unavyoshuka hadi kwenye kijito. Wageni walikuja kwa ajili ya mteremko huo. Walikaa na vikombe vyao vya chai, wakautazama, wakasema hapa panapumzisha akili, kisha wakaenda kulala. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza nani anazikata nyasi hizo. Aliyezikata alikuwa mume wa Mama Vyumba, na mteremko huohuo ndio uliomuua.

Nalisema mapema ili tusizungushane. Mumewe, Fundi, alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mwenye karakana yake kando ya barabara chini ya mlima. Akifunga karakana, alipanda trekta lake dogo alilonunua mkononi mwa mtu, akafyeka mpaka giza. Siku ile alikuwa anakata kwa ubavu, yaani anakatisha mteremko badala ya kupanda na kushuka. Tairi la juu likakanyaga kichuguu kilichojificha majanini, trekta likalala, na halikuishia hapo, likapinduka. Yeye akawa chini yake. Mama Vyumba wakati huo alikuwa anatandika chumba cha tano. Alisikia injini ikizimika, akajua Fundi amemaliza kazi, akaenda jikoni kubandika chai.

Tangu hapo alikufa ganzi. Sina neno jingine. Hakulia mazikoni, hakulia baada ya mazishi, hakulia hata pale shemeji yake alipomkumbatia na kumlilia begani mpaka gauni likalowa. Watu wakamsifu, wakasema mama huyu amepiga moyo konde. Wapi bwana. Hakupiga konde lolote, moyo wenyewe hakujua uko wapi. Aliamka, akafagia, akatandika, akapokea wageni, akawaambia karibuni sana, poleni na safari. Ukimuuliza kama amekula, ilimbidi aitazame sahani kwanza ndipo akujibu.

Alijaribu, msidhani hakujaribu. Alikaa upande wa kitanda aliokuwa akilala Fundi, akachukua shati lake la kazini lenye harufu ya moshi wa kuchomelea, akalisogeza puani, akajiambia moyoni: haya, lia sasa. Akangoja. Alichohisi ni kwamba shati lile linahitaji kufuliwa. Basi akanyanyuka akalifua pamoja na mashuka ya wageni, akaenda kuanika nyuma ya jikoni, kwenye fremu ya chuma ambayo Fundi mwenyewe alimtengenezea zamani. Ilikuwa fremu ya kuringia: nguzo mbili nene, chuma kimoja kimekatiza juu, kamba zimevutwa kutoka pale hadi ukutani. Katikati ya kila nguzo palikuwa na bamba lenye matundu manne, na matundu hayo alikuwa akichomeka vibanio vyake vya nguo. Majirani walimwonea kijicho kwa fremu ile.

Mambo ya nyasi yaliletwa na mgeni wa chumba cha nne. Alishuka kwenda kupiga picha kijitoni, akarudi anakimbia, viatu mkononi, anasema ameona joka. Mama Vyumba akaenda na fimbo, akatafuta, akakuta mpira wa kumwagilia maji ambao Fundi aliuacha pale. Akamwonyesha mgeni ule mpira. Mgeni akasema ameelewa, tena ameelewa vizuri sana, na akaondoka mchana huohuo. Waliobaki nao wakaanza kukunja suruali na kukanyaga kwa uangalifu. Nyumba ya wageni isiyo na wageni ni nyumba tu, na Mama Vyumba hakuwa na kazi nyingine ya kumlisha.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa malori, akaja kutoa ushauri. Trekta lile lililomuua kaka yake lilikuwa bandani, limefunikwa turubai. Akalifunua, akalizunguka, akagongagonga hapa na pale, akatangaza kwamba trekta ni zima kabisa: usukani umepinda, madigadi moja imepondeka, basi. Wiki haiishi litakuwa linanguruma. Kuna watu wa namna hiyo, wakiona chuma kilichopinda hawaoni kitu kingine. Mama Vyumba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwekea chakula.

Aliyelikubali wazo hilo alikuwa Nati. Nati ndiye mtoto pekee wa nyumba ile, kijana aliyeshatimia umri wa kuoa, na jina hilo alipewa na wateja wa karakana kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akiokota nati sakafuni na kuzitia mdomoni. Baba yake alipokufa alichukua funguo za karakana, akaendelea na kazi bila kuambiwa. Zamani alikuwa mcheshi, anakutania mpaka unasahau ulichokuja kufanya. Sasa alijibu ndiyo na hapana, tena hapana zilikuwa nyingi. Baba mdogo wake aliposema trekta litengenezwe, Nati hakuinua hata kichwa. Alisema atalitengeneza yeye.

Na akalitengeneza. Mama Vyumba alikuwa anavalisha mito foronya aliposikia injini. Injini ileile. Akatoka verandani na foronya mkononi, akamwona mwanawe juu ya lile trekta, usukani ametoa kwenye gari bovu, anakatisha mteremko kwa ubavu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umelegea pajani kama abiria. Tairi la juu lilikuwa linaruka. Nati wala hakuangalia mbele, alikuwa anaangalia bondeni.

Mama Vyumba alijua vizuri kabisa kwamba hapa ndipo mama hupiga ukelele. Akausubiri ukelele uje. Haukuja. Tumbo halikukaza, miguu haikutetemeka, mkono uliendelea kushika foronya. Akasema moyoni: mtoto huyu atakufa, nami nitakuwa nimesimama hapa na foronya. Alilisema kama mtu anayejikumbusha kununua sabuni. Na kwa kuwa hofu ilikataa kumsaidia, ikambidi atumie kichwa peke yake. Akashuka ngazi polepole, akatembea mpaka katikati ya mteremko, akasimama kwenye njia ya trekta mpaka likasimama.

Alimwambia alizime. Nati akalizima. Akamwambia trekta hili linakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kesho wao wawili wanakwenda kuchagua jingine, la kufaa mlima. Nati akajibu kwamba matrekta yote ni yaleyale.

“Basi tutachagua moja kati ya hayo yaliyo yaleyale,” alisema Mama Vyumba. “Shuka, mwanangu, chakula kinapoa.”

Hakukuwa na chakula chochote jikoni. Ilibidi aende kukipika.

Uwanja wa kuuzia matrekta ulikuwa nje ya mji, sakafu ya kokoto, bati kubwa juu, matrekta yamepangwa yote yametazama barabarani. Muuzaji alikuwa msichana aliyevaa buti za mpira na kofia ya kiwandani, wanamwita Dada Buti hata wenye duka. Mama Vyumba alitarajia aanze kusifia mali yake kama wauzaji wote. Dada Buti akaanza kwa kumuuliza mlima wake ukoje. Mama Vyumba akasema ni mlima tu, una nyasi. Akaambiwa anyooshe mkono, aulaze jinsi mteremko ulivyolala. Akaulaza. Nati akaushika mkono wa mama yake na kuuinamisha zaidi.

Dada Buti akautazama mkono ule, akapiga mluzi mdogo, akawapitisha moja kwa moja mbele ya lile trekta kubwa lenye kibanda cha vioo. Shemeji angelipenda sana lile. Lilikuwa refu, jembamba, linang'aa. Akasema hilo ni la mashamba ya tambarare, mlimani urefu ni adui, kadiri unavyokaa juu ndivyo unavyoanguka kirahisi. Baada ya hapo palikuwa na kidude chekundu chenye kiti na magurudumu madogo, akasema hicho ni cha viwanja vya mpira, kwenye mlima wao kingeteleza mpaka kijitoni na mtu akiwa amekaa vizuri tu juu yake. Mama Vyumba akauliza kijito amekijuaje. Dada akacheka, akasema kila mlima anaouuzia trekta una kijito chini.

Alilowaonyesha mwisho lilikuwa fupi, pana, limechuchumaa kama chura. Hapo ndipo Dada Buti alipoanza kueleza hasa, na alieleza kwa mikono yote miwili. Magurudumu yote manne yanavuta. Yale ya nyuma unaweza kuyageuza, ya ndani yakawa nje, trekta likapanua miguu. Matairi unayajaza maji, uzito ukakaa chini karibu na ardhi. Mashine ya kukatia majani inaning'inia nyuma, inaburuzwa karibu na udongo. Hakuna kubadilisha gia ukiwa mteremkoni, una kanyagio tu, ukiinua mguu trekta linajizuia. Na unapanda na kushuka, hukatizi kwa ubavu hata siku moja, hata kama nyasi ni chache, hata kama umechelewa, hata kama nani amekwambia. Palipo pakali kupita kiasi waachie mbuzi.

Nati alikuwa ameinama, anachungulia chini ya trekta. Akauliza swali kuhusu ekseli. Akajibiwa. Akauliza jingine. Mama Vyumba aliwasikiliza akaona hili linafaa, na kuona huko kulikuwa kama kuona kwamba sufuria fulani lina mfuniko. Akazunguka nyuma ya kiti. Pale pamesimama nguzo mbili nene za chuma, zimeunganishwa juu, kila mguu umekaa juu ya bamba lenye bolti nne.

“Na hiki ni nini?” aliuliza.

“Huo ni upinde, mama. Huo ndio unaomrudisha mtu nyumbani. Trekta likipinduka, upinde unagonga chini kwanza, halafu wewe unabaki na nafasi yako hapa katikati, ukiwa umefunga mkanda. Hivyo viwili haviachani.”

Mama Vyumba akaweka vidole vyake kwenye zile bolti nne. Akazigusa moja moja. Vidole vilipajua mahali pale, vilikuwa vimepapasa matundu manne ya namna hiyo kila siku ya kufua, vikichomeka na kuchomoa vibanio.

Akauliza kama matrekta madogo yote huja na upinde. Dada Buti akasema haya ya miaka ya karibuni, yote. Ukikuta halina, ujue kuna mtu ameutoa. Akauliza mtu autoe kwa nini. Dada akasema sababu haziishi, mlango wa banda ni mfupi, matawi ya miti yanagonga, wengine wanafikiri ni urembo tu. Alisema mteja akimwambia atautoa, yeye hamuuzii, na mwenye duka ameshamgombeza kwa hilo.

Mama Vyumba hakumtazama Dada Buti. Alimtazama mwanawe. Nati alikuwa ameganda palepale alipoinama, uso kwenye tairi, na masikio yamemwiva.

Akangoja ardhi imzunguke. Haikuzunguka. Akauliza mafuta ya injini hubadilishwa mara ngapi, akaambiwa. Akasema wanalichukua. Bei tuachane nayo, ilikuwa bei ya trekta.

Walipofika nyumbani, Mama Vyumba alipita jikoni bila kuvua viatu, akaenda nyuma kwenye fremu. Mashuka yalikuwa bado na unyevunyevu, lakini akayaanua, akayakunja, akayaweka kwenye beseni. Kisha akaanza kuchomoa vibanio matunduni kimoja kimoja. Vilipokwisha, akaona wazi kabisa jinsi chuma kilivyo. Juu ya bamba ni upinde, rangi yake imekwanguka kidogo, chini ya bamba ni miguu ambayo Fundi aliichomelea ili ifike chini, na kazi yenyewe safi, huoni hata mshono. Nati alikuwa amesimama nyuma yake.

“Wewe ulijua,” alisema Mama Vyumba.

“Nilijua.”

Akamwacha aseme. Nati alisema akiwa ameitazama ile fremu, sauti haina mteremko wala mwinuko. Alikuwa bado anasoma shule. Ile mipera ambayo baba yake aliipanda kwa mstari katikati ya mlima ilikuwa imekua, matawi yameshuka, na kila trekta lilipopita chini yake upinde uligonga, mapera yakamwagika. Baba akawa anakasirika. Na wakati huohuo mama naye alikuwa analalamika kila siku, kamba za nguo zinakatika, mashuka ya wageni yanaanguka kwenye tope. Jumapili moja baba akasema shida zote mbili zinakwisha leo. Nati akaushika upinde huku baba akifungua bolti. Ulikuwa mzito, akayumba nao, na baba akamcheka, akasema anaushika kama bibi harusi. Wakacheka wote mpaka wakaketi chini. Jioni fremu ikawa imesimama, imepakwa rangi.

Mama Vyumba aliikumbuka jioni hiyo. Alikumbuka aliizunguka fremu, akapiga vigelegele vya mzaha, akaanika shuka moja kavu ili tu aone linavyokaa. Aliikumbuka yote, hata nguo aliyovaa, na haikumuuma popote.

“Na lile bovu,” aliuliza, “kwa nini ulilipanda?”

Nati akaweka mkono kwenye kile chuma.

“Sikujali, mama. Nilisema likitaka linipindue na mimi. Nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.”

Sasa, mama mwingine angeanguka pale. Mama Vyumba aliyasikia maneno hayo kama unavyosikia redio ya jirani: unaelewa kila neno, na halikuhusu. Alijua kwamba yanamhusu kuliko kitu chochote duniani. Akainua mkono, akauweka kichwani kwa mwanawe, ilimbidi asimame kwa vidole vya miguu kwa sababu kijana alikuwa mrefu, na akafanya hivyo kwa kuwa ndivyo akina mama wanavyofanya.

“Hukuua mtu,” alimwambia. “Mlikuwa mnanitengenezea mahali pa kuanika.”

Nati akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, makamasi na kila kitu, ameegemea kile chuma. Mama yake alimshika, akampigapiga mgongoni, na kusema kweli alimwonea wivu. Baadaye kijana akafuta uso na fulana, akataka kwenda kuchukua grainda aikatekate ile fremu vipande vipande. Mama Vyumba akamkatalia. Alimuuliza mashuka yataanikwa wapi. Basi Nati akachimbia nguzo mbili za mti upande wa pili wa jikoni, akavuta kamba mpya, ndipo fremu ikang'olewa na kwenda na trekta bovu kwa watu wa chuma chakavu.

Trekta jipya lilikuja juu ya lori, na Dada Buti alikuja nalo, na buti zake. Aliutembea mlima wote kwa miguu, akachomeka vijiti vyenye vitambaa vyeupe mahali ambapo hataki kusikia kwamba trekta limepita. Akavifukua vichuguu viwili na kuvisawazisha kwa koleo mwenyewe. Akampandisha Nati, akamfunga mkanda kama anamfunga mtoto, akamshusha, akamwambia ajifunge mwenyewe. Akamwonyesha pini mbili zilizokaa pembeni mwa upinde, akasema ukizichomoa upinde unalala nyuma, hiyo ni kwa ajili ya kusafirisha tu, na vinginevyo asahau kwamba zipo. Kisha akapanda lori lake akaenda.

Nati akaanza kukata. Alipanda, akashuka, akapanda, akashuka, taratibu, na nyuma yake nyasi zikalala kwa mistari. Harufu ya majani yaliyokatwa ikajaa mpaka vyumbani. Wageni wawili waliokuwepo wakatoka na vikombe vyao, wakakaa verandani, mmoja akasema hapa panapumzisha akili. Mama Vyumba alichukua reki akashuka kukusanya majani kandokando, kwa sababu alishindwa kukaa ndani. Hakuwa na wasiwasi. Alitaka tu awe karibu, kama ambavyo mtu hukaa karibu na chungu.

Trekta likafika kwenye mipera.

Upinde ukagonga tawi la kwanza. Mapera mabichi yakadondoka, mengine yakampiga Nati begani. Akasimamisha trekta, akainua kichwa, akayatazama yale matawi. Hapo yalikuwa yamejipinda chini sana, yameshikana kutoka mti mmoja hadi mwingine, mstari mzima wa baba yake. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena, tawi likalia. Injini ilikuwa inanguruma polepole. Uso wa Nati haukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa uso wa kijana anayetaka kuhurumia miti ya baba yake. Akageuza mwili, akapeleka mkono nyuma, akaishika ile pini.

Na hofu ikaja.

Ilianzia miguuni, ikapanda ikamshika tumbo, ikambana kifua, yote kwa mara moja, ya siku ile ya chai na ya siku ile ya foronya na ya leo. Mama Vyumba akapiga ukelele ambao hakujua kama anao. Verandani kikombe kikaanguka. Akatupa reki, akapanda mlima anakimbia, akateleza kwenye nyasi mbichi, akaanguka kwa magoti, akainuka, huku anapiga kelele asiiguse, Nati, usiiguse hiyo. Nati akauacha mkono wake hewani. Mama yake akafika, akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauminya, na meno yalikuwa yanagongana.

“Ninaogopa,” alisema. “Ninaogopa, mwanangu. Ninaogopa.”

“Ni pale kwenye miti tu, mama. Nitausimamisha tena. Ni miti ya baba.”

“Baba yako amekufa.”

Hakuwa amewahi kulisema. Alikuwa amesema marehemu, alikuwa amesema msiba, alikuwa amesema ametutoka, mbele ya watu, kwa adabu, kama inavyosemwa. Hili lilimtoka lenyewe na likamfungua koo, na machozi yakafuata, mengi, ya aibu, mpaka akawa haoni kitu zaidi ya buti la mwanawe alilolikumbatia. Wageni walikuwa wamesimama verandani hawajui waende au wakae. Alilia palepale, chini ya mipera ya Fundi, na kila alipopata pumzi alisema neno hilohilo tena. Amekufa. Amekufa, na wewe nakutaka.

Nati akazima injini, akafungua mkanda, akashuka kwenda kuchukua msumeno.